UZI: Judith Heumann, mwanamke aliyeambiwa kiti chake kitaziba njia moto ukiwaka

#1 Fundi_wa_Mabatini (mleta uzi)

Wakuu, mwangaluka.

Naandika nikiwa kibandani kwangu Mabatini, hapa Mwanza, mvua imeshika tangu mchana na wateja hakuna. Mimi ni fundi cherehani. Nilipata polio nikiwa mdogo, mguu wa kulia haufanyi kazi na wa kushoto haunibebi sawasawa. Karibu natembelea magongo, mbali natumia baiskeli ya kuzungusha kwa mikono. Hata cherehani yangu ni ya mkono, maana ya kukanyaga sina miguu ya kuikanyagia.

Nataka kumzungumzia mama mmoja wa Marekani, Judith Heumann, wengi walimwita Judy. Alifariki tarehe 4 Machi 2023 akiwa na miaka 75. Nimesoma habari zake wiki nzima na nimeshindwa kukaa nazo peke yangu.

Alizaliwa Desemba 1947, akakulia Brooklyn, New York. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotolewa Ujerumani wakiwa watoto, na jamaa zao waliobaki nyuma wakauawa na utawala wa Hitler. Baba alikuwa na bucha. Judy alipofikisha miezi 18 akaugua polio, akalazwa miezi mitatu ndani ya mashine ya chuma ya kumsaidia kupumua. Baadaye daktari akawashauri wazazi wampeleke akalelewe kwenye taasisi, wakakataa. Mimi nawaelewa. Mtu aliyeona serikali inakusanya binadamu na kuwafungia, utamwambiaje amkabidhi mwanawe kwenye jengo la kufungia watu?

Alipotimiza miaka 5, mama yake alimvalisha vizuri akamsukuma kwenye kiti mwendo hadi shule ya jirani. Mwalimu mkuu akawazuia, akasema kiti chake ni hatari ya moto, kwamba ukitokea moto mtoto yule ataziba njia. Akawa analetewa mwalimu nyumbani kwa saa mbili na nusu. Kwa wiki, wakuu, sio kwa siku. Kuingia darasani na watoto wengine alikuja kuingia akiwa na miaka 9.

Mimi sikuambiwa habari za moto. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza, mwalimu aliyekuwa anapokea watoto alimuuliza mama, "Huyu nani atambeba kwenda chooni?" Mama akajibu, "Mimi." Kesho yake akahamishia genge lake la nyanya nje ya uzio wa shule, ili kengele ya mapumziko ikilia awe karibu. Akakaa pale miaka minne. Pale hapakuwa na wapita njia, nyanya zilikuwa zinamwozea, na alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana niliposoma kuhusu mama yake Judy niliiweka simu chini kwanza.

Judy akasoma Chuo Kikuu cha Long Island, akitaka kuwa mwalimu. Mwaka 1970 akafaulu mtihani wa kuandika, akafaulu wa mdomo, wakamwangusha kwenye uchunguzi wa afya kwa sababu hatembei. Daktari aliyempima alimtaka amwonyeshe jinsi anavyokwenda chooni. Choo tena! Akaishtaki bodi ya elimu ya New York. Magazeti yakakumbusha kwamba nchi ile iliwahi kuongozwa na Rais Roosevelt aliyepooza miguu, yakauliza inakuwaje mtu mwenye polio aweze kuwa Rais lakini asiweze kufundisha watoto. Kesi ikaangukia kwa jaji Constance Baker Motley, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho Marekani. Bodi ikaona mwelekeo, ikakubali yaishe, ikampa leseni. Akawa mwalimu wa kwanza New York anayetumia kiti mwendo.

Nitaendelea. Mama mmoja amekuja na mvua yake kuchukua sare za watoto.

#2 Mwana_wa_Kirumba

Endelea mkuu, nimekaa mkao wa kusoma. Hapo kwa mama na genge la nyanya umenigusa sana.

#3 Ngosha_Original

Fundi, pole na hongera kwa kazi. Ila niseme ninachokiona. Wenzetu wana hela. Ukishtaki unalipwa, ukilalamika unajengewa lifti. Huku Mwanza hata sisi wenye miguu yote kupanda Igogo au Bugando kwa mguu ni adhabu, mji umekaa juu ya mawe. Sioni funzo tunalolipata kwa mtu wa New York.

#4 Fundi_wa_Mabatini (mleta uzi)

Ngosha, ahsante kwa kusema wazi. Hata mimi nilianza kusoma na wazo hilo hilo. Sasa nikusimulie mwaka 1977, halafu uniambie kama ni hela.

Mwaka 1973 Marekani ilipitisha sheria ya kuwarudisha watu wenye ulemavu kwenye maisha ya kazi. Rais Nixon alikuwa ameikataa mwaka uliotangulia, na Judy na wenzake wakafunga barabara New York kwa viti vyao. Ndani ya sheria kulikuwa na kipande kifupi mwishoni, kifungu 504, kinachosema mtu asibaguliwe kwa sababu ya ulemavu katika shughuli yoyote inayopokea fedha za serikali kuu. Hapo ni shule, hospitali, vyuo, usafiri, karibu kila kitu. Lakini kifungu hakikuwa na kanuni za utekelezaji. Mawaziri wakapokezana, miaka minne ikapita, kanuni zimeandikwa na hakuna wa kuzisaini. Ukienda shuleni na sheria mkononi unaambiwa "tunasubiri mwongozo". Nani hapa hajawahi kuambiwa maneno hayo kwenye ofisi?

Tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu waliingia kwenye ofisi za Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi katika miji kadhaa. Kwingine walitoka baada ya siku moja au mbili. San Francisco, Judy akiwa na mwenzake Kitty Cone na wengine zaidi ya mia, waligoma kutoka. Walikaa hadi mwisho wa mwezi. Hakuna jengo la serikali kuu ya Marekani lililowahi kukaliwa kwa amani muda mrefu kama ule.

Nataka mfikirie ugumu wake. Mle ndani kulikuwa na watu wasioweza kujigeuza kitandani bila msaidizi, na kitanda chenyewe hakipo. Kuna waliokuwa wanatumia mipira ya mkojo, kuna waliokuwa na dawa za kuwekwa kwenye baridi, wakabandika boksi kwenye kiyoyozi likawa friji. Walikuja na nguo walizovaa. Mimi nikilala nje ya kwangu usiku mmoja tu mgongo unanikamata siku tatu, kwa hiyo najua nasema nini.

Na hela haikuwepo. Chakula cha moto kililetwa kila siku na vijana wa Black Panther, Wamarekani weusi ambao wenyewe walikuwa wanaandamwa na polisi. Mmoja wao, Brad Lomax, alikuwa kwenye kiti mwendo kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu na alikuwa mle ndani na wenzake. Meya wa mji akasaidia magodoro.

Serikali ilipoleta mwakilishi kuwasikiliza, yule bwana akawa anatikisa kichwa kila Judy anapoongea, ile ya "naam, naam". Judy, huku sauti inamtetemeka, akamwambia angeshukuru kama angeacha kutikisa kichwa kukubali wakati yeye haamini kama anaelewa wanachozungumza. Mimi sentensi hiyo ningeweza kuitumia mara kumi kwa mwaka hapa hapa mjini.

Baadhi yao wakasafiri hadi Washington kumfuata Waziri Joseph Califano. Kwa kuwa hakukuwa na gari la kubeba viti, walizungushwa mjini usiku ndani ya lori la kuhamishia mizigo, halina dirisha, wakaenda kuwasha mishumaa nje ya nyumba yake. Tarehe 28 Aprili akasaini, bila kubadilisha kanuni. Tarehe 30 wale wa San Francisco wakatoka nje wakiimba.

Ngosha, mji wetu umekaa juu ya mawe, kweli. Lakini mwalimu hakumkataa mtoto kwa sababu ya mawe.

#5 Dada_Lugha_ya_Alama

Fundi umeruka kitu ambacho kwangu ndicho kikubwa! Serikali ilipowakatia simu pale San Francisco ikidhani imewanyamazisha, viziwi waliokuwa ndani walisimama dirishani wakazungumza kwa lugha ya alama na wenzao waliokuwa chini. Habari ikaendelea kutoka kila siku.

Mdogo wangu ni kiziwi, anauza samaki na mimi mwaloni Kirumba. Watu wanamwita bubu mbele yangu na mbele yake. Mteja anaongea na mimi kana kwamba yeye ni kapu. Ila ngoja mteja aone mdogo wangu anavyopatana bei na mvuvi aliye kwenye mtumbwi mita mia kutoka ufukweni, injini zinanguruma, hakuna anayesikia chochote, na wao wawili washamaliza biashara kwa vidole. Huwa namtazama na moyo unajaa.

#6 Mzee_wa_Nansio

Nipo Ukerewe, nina ualbino, umri umeenda. Nawasalimu.

Kijana, umeandika vizuri. Niongeze la kwetu, maana wasomaji wasidhani harakati zipo Marekani tu. Chama cha Watu wenye Ualbino Tanzania kilianzishwa mwaka 1978. Sisi tulikianza kwa ajili ya ngozi na macho. Jua linatuua polepole kwa saratani, na mtoto haoni ubaoni, basi anaambiwa ni mjinga. Hatukujua kwamba miaka thelathini baadaye tutakuwa tunapigania shingo zetu. Kuanzia 2006, 2007 hivi, huku Kanda ya Ziwa tukaanza kuwindwa kwa ajili ya viungo. Nililala na fimbo mlangoni. Watoto wakakusanywa kwenye shule za bweni, kama pale Mitindo, Misungwi, wengine Buhangija kule Shinyanga, na ni kweli wengi walipona kwa sababu hiyo. Lakini mtoto aliyefichwa kwa usalama wake naye amefungiwa. Nimesoma hapo juu wazazi wa huyo mama walivyokataa taasisi, nikawaza wazazi wa kwetu ambao hawakuwa na la kuchagua.

Sasa hivi yapo mafuta ya kuzuia jua yanayotengenezwa hapa nchini, Kilimanjaro, kwa ajili ya ngozi yetu. Tarehe 13 Juni dunia nzima inatuadhimisha tangu 2015. Vyema. Mimi ninachotaka ni kwamba mjukuu wangu anapokaa dawati la mbele ili aone, asiulizwe kila muhula kwa nini anakaa mbele.

#7 Fundi_wa_Mabatini (mleta uzi)

Mzee wangu, shikamoo. Umenifanya nifikirie upya. Nilikuwa nimesoma jambo la taasisi kwa macho ya polio tu.

Dada, nilikiruka kweli, na nakushukuru. Mpe salamu mdogo wako.

#8 Wakili_wa_Kijiweni

Mchango wangu ni mfupi, nafanya kazi za sheria. Sisi tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kifungu cha 27 kinahusu elimu: mtoto mwenye ulemavu asome shule ya kawaida, ya umma au binafsi, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Waulizeni waajiri wa hapa mjini.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Marekani haijauridhia mpaka leo. Seneti yao ilipiga kura Desemba 2012, wakapata kura 61, zikapungua chache kufikia theluthi mbili. Wakati huo Judy alikuwa mshauri maalumu wa haki za watu wenye ulemavu kwenye wizara yao ya mambo ya nje. Kwa hiyo Ngosha, kwenye karatasi sisi tuko mbele ya kwao.

#9 Ngosha_Original

Hilo la mkataba sikulijua. Narudi nyuma kidogo kwenye niliyoyasema. Lakini Fundi nina swali, na si kwa ubaya. Nimesoma kwamba huyo mama aliamshwa, akavalishwa na kulazwa na wasaidizi maisha yake yote, na bado wanaita harakati yao ya kujitegemea. Mtu wa kuvalishwa anajitegemeaje?

#10 Fundi_wa_Mabatini (mleta uzi)

Swali zuri, kaka. Kituo chao kilikuwa Berkeley, California. Mwanzilishi mmojawapo alikuwa Ed Roberts, naye alipooza kwa polio kuanzia shingoni, na Judy akajiunga nao miaka ya sabini. Msimamo wao ulikuwa kwamba kujitegemea ni kuamua. Uamke saa ngapi, uvae nini, ukae na nani, umwajiri nani akusaidie na umfukuze nani akikudharau. Msaidizi anafanya kwa mikono yake, uamuzi ni wako.

Hebu jiangalie wewe. Umechimba kisima chako? Shati lako umeshona mwenyewe? Pengine nimelishona mimi! Mbona hakuna anayesema hujitegemei?

Mimi kilichoniuma zaidi maishani si kubebwa. Ni kubebwa bila kuulizwa. Pale stendi konda ananinyakua kwapani, ananitupia kwenye kiti, magongo yanabaki chini, halafu abiria wanamsifu kwa huruma yake. Siku nyingine gari linanipita tupu kwa sababu nitawachelewesha. Judy naye mwaka 1975 alishushwa kwenye ndege na kukamatwa kwa kuwa alisafiri bila msindikizaji. Alikuwa na tiketi kama abiria wengine.

Aliwahi kusema amechoka kushukuru kwa ajili ya choo anachoweza kuingia. Nilivyoisoma nilicheka kwa furaha peke yangu kibandani, kwa sababu mimi nimeshukuru sana, wakuu. Nimeshukuru kwa mlango uliofunguliwa. Nimeshukuru mtu kwa kuniacha nipange foleni.

Baadaye akawa naibu waziri wa elimu upande wa elimu maalumu chini ya Rais Clinton, 1993 hadi 2001. Kisha Benki ya Dunia, mshauri wao wa kwanza wa masuala ya ulemavu na maendeleo. Kisha serikali ya Obama. Vyeo hivyo navipita haraka kwa sababu mimi moyo wangu umebaki kwenye lile jengo la San Francisco, na yule mtoto wa miaka 5 mlangoni mwa shule.

#11 Mama_Pendo_wa_Ilemela

Samahani kuingilia. Mimi huwa nasoma tu humu, sijawahi kuandika.

Nina mtoto wa kike ana miaka 7, ana mtindio wa ubongo. Miguu imekaza na mkono mmoja. Akili yake ni nzima kabisa, anajua kusoma majina ya daladala zote kwa kuangalia ubao. Nimekwenda shule mbili tangu Januari. Ya kwanza wakasema nimpeleke shule maalumu, ambayo ni mbali na nauli sina. Ya pili mwalimu hakukataa, alisema nirudi, nikirudi anasema nirudi. Nimerudi mara nne. Ananisikiliza, anatikisa kichwa. Nilipofika hapo kwenye hiyo sentensi ya huyo mama nimelia, jamani.

#12 Wakili_wa_Kijiweni

Mama, usirudi tena mikono mitupu. Andika barua, nakala mbili, ya kuomba mtoto aandikishwe. Moja waipokee, nyingine waigonge mhuri na tarehe ubaki nayo. Wakikataa, wakuandikie kwa nini. Barua hiyo unaipeleka kwa afisa elimu kata, kisha halmashauri kwa afisa wa elimu maalumu. Ofisi ya ustawi wa jamii nayo ijue. Nitumie ujumbe wa faragha leo nikuandikie rasimu, sitaki malipo.

#13 Mzee_wa_Nansio

Mwanangu, uongo wa "rudi kesho" naujua. Usiende peke yako. Mtu mmoja ni mwombaji.

#14 Mama_Pendo_wa_Ilemela

Ahsanteni sana. Wakili nimekutumia. Shida ni kwamba mume wangu yuko ziwani anavua, anarudi mwisho wa giza, mwezi ukianza kuwaka. Sina wa kwenda naye.

#15 Fundi_wa_Mabatini (mleta uzi)

Mama Pendo, uko upande gani wa Ilemela? Kama ni njia ya lami, baiskeli yangu inafika. Jumatatu nafunga kibanda. Nielekeze tu ni shule gani kwa faragha, saa moja na nusu asubuhi nitakuwa getini na magongo yangu. Mwambie Pendo avae sare. Kama hana, nitumie vipimo vyake leo: bega, kifua, urefu wa sketi. Kitambaa kipo.

#16 Dada_Lugha_ya_Alama

Mimi na mdogo wangu tunakuja. Tutaongozana na kina mama wawili wa hapa mwaloni, mmoja mjukuu wake ana kibiongo.

#17 Ngosha_Original

Nina bajaji. Fundi, usihangaike na baiskeli, nakupitia Mabatini saa kumi na mbili na nusu, halafu tunampitia Mama Pendo na mtoto. Mkikaa sana ofisini kwa mwalimu nitakwenda kuwaletea chai na chapati.

#18 Mama_Pendo_wa_Ilemela

Wabeja sana. Bega inchi 11. Kifua 24. Sketi nimempima mara mbili maana hatulii, anauliza ni ya rangi gani.